Miaka Yangu na Saini za Washitakiwa wa Vita

Nyinyi vijana mnaofanya kazi ya kumwaga nyumba za marehemu hapa Brussels, mnaoteremsha makabati kutoka ghorofa ya juu huku lifti imekufa, mmenisumbua muda mrefu: Papa Asukulu, uandike. Bon, naandika. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msitafute maua humu. Mshahara wangu haukuwa wa kusimuliwa, na cheo sikupewa. Nitawaambia kazi ilivyokuwa, na kwa nini siku hizi nikitoka sokoni nazunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya lile duka.

Nilianza kama nyinyi, kwa mgongo. Nilikuwa nimetoka Uvira kwa sababu ya vita, nikakaa kambini, nikafika hapa mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Mbelgiji mmoja aliyeitwa Armand alikuwa na duka la karatasi za zamani kule Marolles, karibu na soko la vitu vikuukuu, na alihitaji mtu wa kubeba. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Siku ya kwanza tulimwaga nyumba ya bibi mmoja huko Uccle. Nilishusha kabati la mbao nzito peke yangu, ngazi kwa ngazi, nikidhani nitasifiwa. Armand hata hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti jikoni mbele ya pipa la takataka, anatoa bahasha zilizolowa mafuta ya samaki, anazipuliza moja moja kama mtu anayewasha jiko.

"Kabati atauza mjinga yeyote," akaniambia. "Kazi yetu iko huku."

Zilikuwa barua za mume wa yule bibi. Baada ya vita kubwa ya pili ya Wazungu alishitakiwa kwa kufanya kazi na Wajerumani, akawa anamwandikia mkewe kutoka gerezani. Njiani, ndani ya gari, Armand akanieleza duka lake linaishi kwa nini. Alisema wako watu wengi, madaktari, wahasibu, hata mapadri, wanaokusanya saini za watu walioshitakiwa kwa mambo ya vita. Saini, barua, hati ya mashitaka, kadi ya Krismasi, hata karatasi aliyoandika mfungwa kuomba sabuni. Mtu alivyotisha zaidi, ndivyo karatasi yake inavyotafutwa zaidi. Nilidhani ananitania.

"Na saini za wale waliouawa?" nikamuuliza.

Taa ya barabarani ikawa kijani, akatia gia. "Hizo haziulizwi na mtu," akasema.

Nilikaa dukani pale mpaka kustaafu, na ninaweza kuapa: hazikuulizwa.

Sasa ufundi, maana wako kati yenu wanaotaka kuingia kazi hii. Acheni mambo ya glovu nyeupe mnayoona kwenye televisheni. Glovu inafanya vidole viwe vijinga, unapasua karatasi bila kuhisi. Nawa mikono, ikaushe vizuri, basi. Mezani hakuna kalamu ya wino, ni penseli tu. Karatasi iweke chini ya taa ya zambarau: ya siku hizi itang'aa, ya zamani italala tu. Halafu chukua lupu, ile lenzi ya kukuzia, uangalie pale ilipokunjwa. Wino ukiwa umetiririka ndani ya mkunjo, ujue saini imewekwa baada ya karatasi kukunjwa, na huyo anayekuuzia ni mwongo. Msipige pasi. Msiguse selotepu. Armand alikuwa anasema selotepu imeua karatasi nyingi kuliko moto.

Na sheria iliyo juu ya zote ni hii: karatasi ikiongezwa mkono wa mtu mwingine, hata nukta moja, imekufa. Mkono mwingine, nina maana ya mwandiko mwingine. Tulikuwa na barua ya jenerali mmoja, nzuri sana, mpaka mwalimu mmoja mstaafu alipoirithi. Yule mwalimu akakuta jenerali amekosea herufi, akamsahihisha kwa wino mwekundu. Armand aliishika ile barua kama mtu ameshika ndege aliyegongwa na gari. Akairudisha. Mwalimu alikasirika, akasema kosa lilikuwa kosa.

Wakati ule baadhi ya washitakiwa wa vita ya Wazungu walikuwa bado hai, wazee kabisa, wamemaliza vifungo vyao wanapanda maua. Armand alikuwa anawaandikia. Anaweka kadi nyeupe ndani, na bahasha ya kujibu iliyokwisha kubandikwa stempu. Anawauliza afya. Anawauliza habari za farasi, kama mtu alikuwa wa farasi. Kuhusu mambo yaliyowapeleka mahakamani, hata neno. "Sisi hatuulizi," alinifundisha. "Anayeuliza anafungiwa mlango." Na wazee wale walijibu. Walijibu haraka kuliko komini, ile ofisi ya mtaa, inavyojibu mkiomba makaratasi.

Wengine tuliwatembelea, Armand na mimi, na hapo nilijifunza jambo lingine. Mtu wa namna hiyo akishika kalamu, mwache asaini kadi zote kwanza, zote, pale chini. Baadaye ndiyo unamwomba arudi juu aandike neno la kumpa mtu: kwa Jean, kwa Luc. Ile wanaita dédicace. Akichoka au akikasirika katikati, saini tayari unayo. Na nilishangaa, hakuna aliyewahi kuuliza Jean ni nani. Unataja jina, anaandika. Ukitaja mbwa wa jirani, ataandika.

Kesi ngumu zilikuwepo. Siku moja aliingia mzee mmoja, koti safi, kofia mkononi. Alitaka saini ya mtu fulani aliyehukumiwa hapa Brussels. Tulikuwa nayo. Aliiangalia, akalipa, akaichana vipande vidogo juu ya kaunta, taratibu, kama anakata majani ya sombe. Tukamwangalia tu. Halafu akaomba risiti. Armand akamwandikia. Mzee alipotoka, Armand akafagia vile vipande na mkono, akasema, "Alimuulia baba yake." Kesho yake Armand akapandisha bei ya saini zilizobaki za yule mtu, kwa sababu sasa zilikuwa zimepungua. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alinifundisha kila kitu ninachojua, na sitamsafisha.

Armand akafa, duka likachukuliwa na binti yake, Véronique. Amesoma, ana adabu, hajawahi kunipandishia sauti. Alinipa ufunguo wa duka, kitu ambacho baba yake hakufanya. Aliingiza biashara kwenye kompyuta, na barua zikaanza kwenda mpaka Japani. Lakini wale wazee wa vita ya Wazungu walikuwa wanaisha, na wateja walitaka vitu vipya. Siku moja akaniambia, "Papa Asukulu, itabidi sasa tuangalie vita vyenu." Akaona uso wangu, akajirekebisha: "Vita vya kule."

Hapa lazima nimlete dada yangu, maana bila yeye hamtaelewa.

Yaya Riziki, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, anaishi Molenbeek, karibu na mfereji. Alifanya kazi ya kuosha wazee wa Kibelgiji mpaka mgongo ukakataa. Mume wake, Wilondja, alikuwa fundi wa injini za boti kule kwetu ziwani. Wakati wa vita askari walikuja kumchukua na sanduku lake la spana, wakasema Kamanda wao ana boti mbovu. Aliingia kambini kwa Kamanda, watu walimwona akiingia. Hakutoka. Jina la Kamanda sitaliandika hapa. Limeandikwa vya kutosha.

Kwetu, kilio hakianzi kwa kubahatisha. Lazima mtu aliyekuwa pale aje aseme kwa kinywa chake: fulani amekufa. Hapo ndipo wanawake wanakaa chini, watu wanakuja, mnalia mpaka mnamaliza. Bila hivyo unakaa katikati. Yaya alikaa katikati miaka yote ile. Kwa komini, mwanamke aliyeolewa. Kanisani wajane wakiitwa mbele kuombewa, anabaki amekaa. Ndugu za Wilondja walikuwa wanapiga simu kila mwaka kuuliza kama kuna aliyesikia neno. Hakuna.

Bon. Miaka ya elfu mbili na kumi ilikuwa imekwisha kuanza, na Kamanda akakamatwa hapa hapa Brussels. Alikuwa amekuja kutibiwa moyo, mtu akamtambua. Wakafungua kesi. Mawakili wakahangaika, jaji akamruhusu asubiri nje ya gereza katika fleti moja Flagey, asitoke nje ya mji, asiongee na mashahidi. Véronique akasoma kwenye gazeti. Wateja walikuwa wamekwisha kuandika kumuulizia.

"Wewe unaongea lugha yake," akaniambia.

"Yule mtu alitawala kwetu, Véronique. Nina watu walioingia mikononi mwake."

Nikaona anatafuta neno la upole. "Basi hakuna anayefaa kuliko wewe," akasema.

Nilikwenda kwa yaya jioni ile ile kumwambia, ili asije kusikia kwa wengine. Alikuwa anachambua maharage.

"Unaenda kwake?"

"Nimetumwa kazi."

"Kazi. Bon. Basi umuulize."

"Yaya, kazi yetu haiulizi. Nikiuliza atanifukuza."

Akaweka sahani chini. "Miaka yote uko nauza majina ya bauaji, alors siku moja tu unashindwa kutaja jina ya bwana yangu?"

"Atakataa."

"Akatae. Mi sitaki aombe musamaha, ule musamaha nitaupika na nini? Nataka tu mutu mwenye alikuwa pale aseme na kinywa yake: Wilondja alikufa. Nilie. Nimechoka kungojea kulia, Asukulu."

Nilikwenda asubuhi ya Jumapili, baada ya Véronique kumwandikia na yeye kukubali. Uwanja wa Flagey ulikuwa umejaa meza za soko, jibini na maua, watu wanakunywa divai nyeupe wamesimama. Kamanda alifungua mlango mwenyewe, amevaa ndala na suti ya michezo. Mtu mfupi, mchangamfu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwingine.

"Karibu, mzee wangu. Wewe ni wa wapi?"

"Wa ziwa."

"Ah, basi umefika nyumbani. Kaa. Kunywa chai, iko na tangawizi. Iko na ndagala za kukaanga, ile mama wa mutaa wa Matonge ananiletea. Kula."

Chai nilikunywa. Wale samaki wadogo, ndagala, sikugusa, nikamwambia daktari amenikataza.

"Madaktari ya huku," akasema. "Bananikataza chumvi. Mimi, mutu alilala porini miaka, nife na chumvi."

Nilimpa kadi. Alikuwa na kalamu yake mwenyewe, nzito, ya wino mzuri, nikaona Armand angependa. Alisaini zote, pale chini, herufi kubwa zenye mkia. Wakati anasaini nilimsifu kidogo, kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza habari za boti, kama Armand alivyokuwa anauliza za farasi. Akafurahi. Alinieleza boti zake zote, ipi ilikuwa na injini mbili, ipi ilikuwa inakata maji bila kelele.

"Wino ukauke kidogo," nikasema. "Halafu tuandike majina juu. Ya kwanza, kwa Marc."

"Marc ni mutu wa serikali?"

"Daktari wa meno."

"Bon, meno ni kitu ya maana." Akaandika. Aliandika "Kwa Marc" kwa Kiswahili, kwa sababu Véronique alisema wateja wanapenda hivyo.

"Kwa Jean-Pierre."

Akaandika.

"Kwa Hilde."

"Na bamama wananipenda?" Akacheka, akaandika. Tukaenda hivyo, najitahidi sauti yangu isipande wala isishuke. Kadi chache zilipobaki, akavuta nyingine.

"Inafuata nani?"

"Kwa Wilondja," nikasema.

Mkono ulikuwa umekwisha kuzoea. Uliandika Kwa. Ukaandika W, ukaandika i. Hapo kalamu ikasimama. Nje watu wa soko walikuwa wanacheka. Aliiangalia ile kadi kama kadi ndiyo imeongea.

"Hii jina umetoa wapi?"

"Ni jina tu, Mheshimiwa. Majina yote natoa kwa wateja."

"Usinicheze, mzee. Mujane wake njo amekutuma?"

Mimi sikutaja mke, na sikusema mtu amekufa. Nilisema jina moja, basi.

Akajiegemeza nyuma. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chai na tangawizi. "Umwambie avumilie. Vita ilikuwa vita. Batu wengi walipotea."

"Sijasema kama alipotea," nikamwambia.

Akafunika kalamu. "Kazi yetu imeisha. Kunywa chai yako uende." Akanyoosha mkono kuchukua ile kadi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mezani na watu wa namna yake miaka mingi, na mikono yangu ilikuwa imekwisha kuiteremsha ndani ya folda pamoja na nyingine. Nilimshukuru kwa chai. Nilimaliza kikombe, nikiwa nimesimama, mbele yake. Sikutaka adhani nimekimbia.

Yaya alinifungulia mlango kabla sijapiga kengele. Nilimweleza kila neno, na yeye akarudia kila neno kama mtoto anayefundishwa sala.

"Alisema mujane?"

"Alisema mjane."

"Weye hukusema kwanza?"

"Sikusema."

Akazima jiko. Akaondoa sufuria ya maharage, akaifunika. Akavua viatu, akakaa sakafuni pale jikoni, akafungua kitambaa cha kichwa, akalia. Alilia kwa sauti ya kwetu, si ya huku. Jirani, mama mmoja wa Kimoroko, akagonga, ameshika simu tayari kuita ambulansi. Nani amekufa, akauliza.

"Bwana yangu," yaya akamjibu.

"Lini?"

Yaya akaniangalia. "Leo," akasema.

Yule mama akaweka simu mfukoni, akavua ndala zake, akakaa chini naye. Jioni akarudi na mikate na birika la chai ya majani ya mnanaa, na binti zake wawili wa kupanga viti. Kilio tulikifanya katika ukumbi wa parokia, na watu walikuja hata kutoka Liège na Lille. Na kanisani padri alipowaita wajane mbele, yaya alisimama.

Mnataka kujua kama nilikwenda kwa wapelelezi wa ile kesi. Nilikwenda. Mtu mmoja mwenye heshima alinisikiliza, akaandika.

"Alisema amemuua?"

"Alisema mjane."

"Bwana, huo si ushahidi." Halafu akaniuliza niliingiaje kwa mshitakiwa, nikamwambia nilikwenda kuchukua saini zake za kuuza. Akaweka kalamu chini. Nilielewa: neno la mtu wa saini halina uzito.

Kesi ilikwenda tarehe kwa tarehe, rufaa kwa rufaa, mpaka moyo wa Kamanda ukasimama kitandani kwake, na hukumu haikusomwa. Alipata chumvi yake, nadhani. Siku habari ilipotoka Véronique alinipigia simu nyumbani, sauti ya furaha aliyojaribu kuificha. Aliyekufa kabla ya hukumu anapanda bei, maana saini nyingine haitakuja. Kadi nilizoleta, zile zilizobaki bila jina, ziliisha wiki ile. Mimi ndiye niliyezifunga kwenye bahasha. Nyumba inalipwa kila mwezi, msiniulize zaidi.

Ile kadi ya nusu niliirudisha dukani pamoja na nyingine, kwa kuwa kadi za duka ni za duka. Véronique aliikuta, akasema imeharibika, akaitupa ndani ya droo. Hakuuliza "Wi" ni nani. Sisi hatuulizi.

Miguu ilipoanza kuvimba nikastaafu. Kulikuwa na divai kidogo katika vikombe vya plastiki, biskuti, na wateja wawili watatu walionijua kwa jina la Papa. Véronique alitoa maneno mazuri. Halafu akanipa zawadi, imefungwa kwa karatasi laini nyembamba. Ilikuwa fremu nyeusi yenye kioo kizuri, kile kinachozuia jua lisile wino, na ndani yake ile kadi.

"Haikupata mnunuzi kwa sababu haikumalizika," akasema. "Lakini wewe ndiye uliyeileta. Nilitaka uwe na kumbukumbu ya kazi yako."

Aliitoa kwa moyo safi, bila kujua jina lile ni la nani. Hilo ndilo linalonizungusha mtaa mzima kila nikitoka sokoni.

Niliipeleka kwa yaya, kwa sababu kwangu isingeweza kulala. Niliiweka mezani, nikamwambia, amua wewe, jiko lile pale. Alivaa miwani. Aliisoma muda mrefu kwa mtu anayesoma herufi chache.

"Aliishia hapa?"

"Hapo hapo."

"Na hii ya chini, ni saini yake?"

"Ni yake. Sisi tunawasainisha kwanza, majina yanafuata."

"Donc alisaini, na hajajua anasaini nini."

"Ndiyo."

Akaigeuza fremu, akafungua vile vibati vya nyuma kwa kisu cha jikoni, akatoa kadi. Akatafuta kalamu kwenye mkoba wake, Bic ya buluu, ile anayojazia karatasi za bima ya afya. Mkono wangu ulitaka kumzuia wenyewe, miaka yote ile ya Armand ilikuwa ndani yake. Niliukalia.

Yaya aliandika polepole, ulimi kwenye kona ya mdomo, herufi zake za duara za shule ya masista, akaunganisha pale yule alipoachia. Kwa Wilondja. Alipomaliza alipuliza wino, akairudisha ndani ya kioo, akaitundika ukutani chini ya picha ya mumewe, ile aliyopiga amesimama ndani ya boti ameshika spana.

Jina la juu sasa lina mikono miwili, na kila alichonifundisha Armand kinasema karatasi hiyo imekufa. Ni kweli. Hakuna mteja duniani atakayeinunua.